Kofi Mbele ya Kiti cha Enzi: Namna ya Kutengeneza Kichekesho cha Baraza la Mfalme

Kabla hujashika kamera, tafuta filamu fupi iitwayo Squareheads of the Round Table. Ilitolewa na studio ya Columbia, Hollywood, mwezi Machi 1948. Haina rangi na haifiki dakika 20. Wachekeshaji wake ni wale watatu waliojulikana kama The Three Stooges: Moe Howard, mkali mwenye nywele zilizokatwa duara hadi machoni; Larry Fine, mwenye nywele timtim pembeni na uwazi katikati; na Shemp Howard, kaka yake Moe, ambaye uso wake una wasiwasi hata pale ambapo hajafanya kosa. Humo ni waimbaji wa kuzunguka wanaoingia katika kasri la Mfalme Arthur, na dakika chache baadaye wanasubiri kukatwa vichwa.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kikundi cha maigizo shuleni au mtaani, mwenye simu inayopiga picha safi, na unayetaka kutengeneza kichekesho cha purukushani: makofi, kuanguka, kugongana na ndoo kichwani. Nimechagua baraza la mfalme kwa makusudi. Watu wawili wakizabana makofi sokoni, huo ni ugomvi, na wapita njia wataamulia. Wakizabana hatua tatu kutoka kwenye kiti cha enzi, huku tarumbeta limeshalia na kila mtu ameinamisha kichwa, watazamaji watacheka hata kabla kofi halijafika. Kazi yako ya kwanza kwa hiyo ni kujenga heshima. Vikundi vingi huanza na kofi, kisha hushangaa mbona ukumbi umenyamaza.

Itazame mara tatu

Mara ya kwanza itazame kama mtu mwingine yeyote, ucheke, umalize. Hadithi yake ni nyepesi. Cedric, mhunzi, anampenda Elaine, binti mfalme. Mfalme ameshaamua kumwoza binti huyo kwa Black Prince. Waimbaji wetu wanamwonea huruma mhunzi, wanamsindikiza kwenda kumwimbia mchumba wake chini ya dirisha, na anayetumbuizwa ni mfalme badala ya binti. Wanatupwa gerezani. Elaine anawapenyezea vifaa vya kukatia chuma ndani ya mkate, wanatoroka wakijificha ndani ya deraya, wanainasa njama ya kumuua mfalme na kuivuruga. Mhunzi anapewa mke.

Mpenda historia atakereka. Black Prince wa kweli alikuwa Edward, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza, mtu wa karne ya 14, na Arthur ni wa hekaya za zama za mbali zaidi. Waandishi wa Columbia hawakujali, nawe usijali. Katika aina hii ya kichekesho mtazamaji anahitaji kutambua vitu kwa jicho moja tu: yule mwenye taji ni mfalme, yule mwenye masharubu yaliyochongwa na nguo nyeusi ni adui. Ukihitaji sentensi tatu kumweleza adui wako ni nani, mbadilishe nguo.

Mara ya pili zima sauti. Sasa usiwatazame watatu wale. Watazame wengine wote: mfalme, walinzi, wajumbe wa baraza waliosimama kando ya ukuta. Utaona kwamba karibu wote wanaigiza filamu nyingine kabisa, filamu nzito ya kifalme, na kwamba hakuna hata mmoja anayejua yumo ndani ya kichekesho. Mfalme ni Vernon Dent, mtu mnene mwenye sura ya afisa wa ushuru. Alikuwa amefanya kazi tangu enzi za filamu bubu, akicheza na mchekeshaji Harry Langdon, na huko alijifunza jambo ambalo waigizaji wetu wengi hawalipendi: kungoja. Mtu akimfanyia upuuzi, hafoki papo hapo. Anatazama. Anameza mate. Hasira inapanda kutoka shingoni, na hapo ndipo ukumbi unapocheka. Elaine naye ni Christine McIntyre, mwanamke mwenye sauti ya kweli ya opera, na anaigiza mapenzi yake kwa Cedric kwa dhati, bila kukonyeza kamera.

Waliokua wakitazama Vioja Mahakamani kwenye televisheni ya Kenya wanaijua siri hii tayari. Mshtakiwa anaweza kupotosha kila swali na kuapa kwa jina la kuku aliyeiba, lakini kile kiti cha hakimu, ile meza na ule utaratibu wa mahakama ndivyo vinavyobeba kicheko chake. Hakimu akianza naye kutafuta kicheko, kesi imekwisha.

Mara ya tatu fumba macho, sikiliza. Nitarudi kwenye sauti baadaye, maana ndiko pesa yako kidogo inakopaswa kwenda.

Jenga baraza

Huhitaji kasri. Unahitaji urefu, mstari na kanuni.

Urefu ni kiti cha enzi. Panga kreti za soda zilizogeuzwa, zifunge pamoja kwa kamba ili zisiteleze, weka ubao juu, funika kwa kitambaa kizito, kisha uweke kiti cha mbao chenye mgongo mrefu. Kimo cha goti kinatosha. Mfalme akiwa juu, kila anayemsogelea atainua uso, na mtu aliyeinua uso haoni miguu yake inakokwenda. Umeshapata sababu ya kuanguka bila kuandika neno lolote.

Mstari ni zulia jembamba kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Likiwa jekundu ni vizuri zaidi. Walinzi wasimame pande mbili, wawili kushoto na wawili kulia, mikuki imesimama wima. Ukumbi wenye ulinganifu wa namna hii humpa mtazamaji raha ya macho, na raha hiyo ndiyo utakayoivunja. Mlinzi mmoja akipinda, jicho litamwona mara moja. Hutahitaji kumsogezea kamera.

Kanuni ndizo ambazo vikundi vingi husahau. Kabla watatu wako hawajaingia, mtazamaji lazima ajue ni nini kisichofanyika katika baraza hili. Chagua kanuni tatu na uzionyeshe kwa vitendo, zisielezwe kwa mdomo. Kwa mfano: hakuna anayempa mfalme mgongo, hakuna anayesema kabla mfalme hajagonga fimbo, kila aingiaye anavua kofia. Mlete mjumbe mzee, aingie, avue kofia, ainame, asubiri fimbo igongwe, aseme neno moja, kisha aondoke kinyumenyume hadi mlangoni bila kugeuka. Sekunde 30, kimya kabisa, tena umpe mzee huyo heshima yake yote. Kisha walete watatu.

Sasa wavunje kanuni moja baada ya nyingine, na kila uvunjaji uzae mwingine. Wa kwanza anasahau kuvua kofia. Wa pili anamvua kwa kofi, kofia inarukia mapajani kwa mfalme. Wa tatu anakimbilia kuichukua, anakumbuka kwamba hapaswi kumpa mfalme mgongo, anaanza kurudi kinyumenyume kwenye zulia, anamkanyaga wa kwanza. Mfalme anainua fimbo agonge kuwanyamazisha, nao wanadhani wameruhusiwa kusema, wanasema wote kwa pamoja. Hakuna tendo hata moja hapo lisilo na chanzo. Mtazamaji akiweza kukuambia kwa nini kila mtu ameanguka, atacheka kila anapoanguka. Akiona watu wanaanguka tu, atasikitika kwa ajili ya magoti yao.

Jambo moja kuhusu mfalme wako. Usimchague mchekeshaji. Mchague mwalimu wa hesabu, au mzee wa kikundi mwenye sauti nzito, na umwambie mnafanya tamthilia ya huzuni. Kama ni mtu asiyeweza kujizuia kucheka, mfanye mnyongaji, mfunike uso kwa kitambaa cheusi.

Watatu, si kundi

Kwa nini watatu? Wawili hujibizana, nao wanne hujazana kwenye fremu. Kwa watatu kila kosa linapata aliyelifanya, anayemwadhibu, na anayeumia bila hatia. Moe anaamini anajua kila kitu, na hajui. Shemp anaogopa, kisha woga wake unamfanya atende jambo la kijinga kuliko yote. Larry anakubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Ukishawagawia waigizaji wako tabia hizi tatu, wakatazie kabisa kubadilishana.

Angalia pia kwamba kofi la Moe huja baada ya amri. Ametoa agizo, limetekelezwa vibaya, mkono unatoka. Ni bosi mdogo asiye na mamlaka yoyote katika kasri lile, anayejitafutia mamlaka kwa wenzake wawili kwa sababu mfalme hampi. Mpige marufuku kiongozi wako kumpiga mtu bila agizo kutangulia, hata kama mazoezini wenzake watacheka.

Kofi lenyewe

Mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Squareheads kutolewa, mwongozaji yuleyule, Edward Bernds, alitoa Brideless Groom akiwa na Shemp na Christine McIntyre. Humo McIntyre anamdhania Shemp kuwa binamu yake, anamkumbatia na kumbusu kwa furaha; kisha simu inalia, anagundua kwamba binamu wa kweli ndiyo kwanza yuko njiani, na anamgeukia mgeni huyu kwa mvua ya makofi. Bernds alisimulia baadaye kwamba mama huyo mpole alishindwa kumpiga mwenzake; akawa anapunguza mkono, na picha ikawa haifai. Shemp ndiye aliyemwomba apige sawasawa mara moja waishe, kwani makofi kumi ya woga yanauma kuliko moja la uhakika. Akapiga. Tazama kipande hicho ujionee.

Nakusimulia hilo ujue walivyofanya wao, usiige. Makofi yao mengi yaligusa shavu kweli, na walikuwa watu waliokulia jukwaani. Kikundi chako kifanye hivi.

Mpigaji na mpigwaji wasimame umbali wa mkono ulionyooka, ili ncha za vidole zipungukiwe na shavu kwa upana wa kiganja. Kamera iwe nyuma ya bega la mmoja wao, isiwe pembeni, kwa sababu ukitazama kutoka pembeni utaliona lile pengo. Watazamane machoni kwanza. Hilo ni la usalama, na pia ndilo linalomwandaa mtazamaji. Mkono upite mbele ya uso kwa vidole vilivyolegea. Mwenye dhamana ya tendo zima ni anayepigwa: yeye ndiye anayegeuza kichwa, yeye ndiye anayejishika shavu, na kama hajawa tayari, hakuna kofi. Sauti apige yeye mwenyewe kwa mkono usioonekana, kiganja kwenye paja, papo hapo kichwa kinapogeuka.

Fanyeni polepole kwanza, kama watu walio majini. Kisha nusu kasi. Mkishindwa kurudia tendo hilohilo bila kubadilisha hata mguu uliotangulia, hamjawa tayari kwa kasi kamili. Mfululizo wa makofi ni ngoma; uhesabuni kwa sauti, moja mbili tatu nne, hadi kila mtu ajue pigo lake liko namba ngapi. Moe ana kofi moja linalofagia nyuso kwa mpigo mmoja, na linawezekana tu kwa sababu kila aliyepigwa anajua sehemu ya sekunde ambayo zamu yake inafika.

Ile ya kutia vidole machoni iacheni. Moe alikuwa akivilenga juu, kwenye nyusi, na alikuwa na miaka mingi ya mazoezi na watu walewale. Watoto watakaoitazama filamu yenu hawatakuwa na miaka hiyo, na wataijaribu kesho yake kwenye uwanja wa shule.

Na msidhani kwamba wakongwe wale hawakuumia. Mwaka 1935, katika Pardon My Scotch, Moe alisimama juu ya meza iliyokuwa ikikatwa kwa msumeno. Meza ikaanguka vibaya naye akavunjika mbavu. Aliinuka akamaliza tendo lake mbele ya kamera. Watu husimulia kisa hicho kwa kusifu ushujaa. Mimi nakichukulia kuwa ni meza iliyokatwa pasipofaa. Kila anapoanguka mtu, pawe na godoro nje ya fremu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kusema simameni. Kama zulia litavutwa, livutwe baada ya mwigizaji kuanza kujirusha, kamwe lisiwe ndilo linalomwangusha.

Deraya

Huu ndio utamu wa kasri. Mtu aliyevaa chuma kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu ni heshima inayotembea, na papo hapo ni kipofu, kiziwi, asiyeweza kujikuna. Katika Squareheads watatu wanajificha ndani ya deraya, na mwisho wanacheza dansi ndani yake mbele ya baraza zima ili kuvuta muda. Lirudie dansi hilo ulitazame kwa makini. Hatua zenyewe ni rahisi mno, za mtu yeyote wa jukwaani. Kinachochekesha ni chuma kukubali kufanya madaha.

Usitumie bati. Linakata ngozi, lina joto, na kishindo chake kitafunika maneno yote. Chukua maboksi ya televisheni au jokofu, kata vipande vya kifua, mabega na mapaja, viunganishe kwa utepe wa kitambaa ili vicheze, kisha pulizia rangi ya fedha na usugue rangi nyeusi kwenye kingo. Kwa kamera ya simu, kwenye mwanga usio mkali, hakuna atakayejua. Kichwani tumia helmeti ya bodaboda iliyopakwa rangi ileile. Ina kioo kinachofunguka na kufunga, ambacho ukikifunika kwa boksi lenye matundu kinakuwa kifuniko cha shujaa. Na zaidi ya yote inamkinga mwigizaji kichwa, jambo ambalo sufuria haiwezi.

Kifuniko hicho kina vichekesho vyake vya bure. Kinajifunga katikati ya hotuba. Kinafunguliwa, na anayeonekana ndani si yule tuliyemtarajia. Mtu anapiga chafya ndani yake. Mlinzi wa kweli na mlinzi wa bandia wanasimama wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke. Chagua viwili, vingine viache kwa filamu ijayo.

Mwigizaji aliye ndani ya boksi apumzishwe kila baada ya picha chache na apewe maji. Joto la Dar es Salaam au Mombasa halijui kwamba mko Uingereza.

Sauti

Edward Bernds hakuanzia kwenye uongozaji. Alikuwa fundi sauti, na alifanya kazi hiyo katika filamu za mwongozaji Frank Capra kabla ya kukabidhiwa vichekesho vifupi. Ndiyo maana ukifumba macho unaposikiliza Squareheads bado unaona kinachotokea. Mafundi wa Columbia walikuwa na mlio wa kila pigo: uzi wa ala ukidonolewa kwa jicho, ngoma nzito kwa tumbo, mchapo mkavu wa mjeledi kwa shavu. Mlio hauafikiani na ukweli. Ni mkubwa mno, na ukubwa huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hakuna aliyeumia. Mpe kofi sauti yake halisi, ile ya nyama kugonga nyama, na kila mtu atakunja uso.

Tengeneza chombo cha kale cha kazi hii. Wachekeshaji wa Italia wa tangu karne ya 16, hasa aliyecheza Arlecchino, walibeba fimbo ya vibao viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja upande wa mshikio. Ukigonga kidogo, vibao hugongana vyenyewe na kutoa mlio wa kutisha, huku aliyepigwa akisikia mguso tu. Vibao viwili vya rula ndefu ya mwalimu, kipande kidogo cha mbao katikati kwenye mshikio ili kuacha upenyo, utepe wa kufungia, basi. Rekodi mlio huo karibu na simu, chumbani penye mapazia na magodoro ili pasiwe na mwangwi, kisha uuweke juu ya picha wakati wa kuhariri. Mlio utangulie fremu moja, usichelewe hata moja.

Kwa chuma, tingisha vijiko ndani ya sufuria. Kwa farasi unao vifuu vya nazi, na hapa uko na watu wakubwa: kundi la Monty Python lilipotengeneza filamu yake ya Mfalme Arthur mwaka 1975, Monty Python and the Holy Grail, halikuwa na fedha za farasi. Likampa mfalme mtumishi wa kumfuata nyuma akigonganisha vifuu viwili, huku mfalme akirukaruka kwa miguu yake mwenyewe kwa hadhi kamili. Hawakuuficha umaskini wao. Waliwafanya watu wa ndani ya hadithi wauone na waanze kuujadili. Kama kitu kinakosekana kabisa katika bajeti yako, fikiria kukionyesha kinavyokosekana.

Muziki ufuate kanuni ileile ya heshima. Ule wimbo wanaoimba chini ya dirisha umechukua lahani ya kipande cha sauti sita kutoka Lucia di Lammermoor, opera ya Donizetti ya mwaka 1835, moja ya vipande vizito kabisa, na maneno yake ni ya kubembeleza mchumba kijinga. Wanaimba vizuri, kwa sauti zilizopangwa. Kama wangeimba ovyo pasingekuwa na mzaha. Kwa upande wako, chukua lahani nzito ya zamani ambayo hakimiliki yake imekwisha, ile ya Mendelssohn ya harusi kwa mfano, na uwape waimbaji wako wiki nzima ya mazoezi.

Neno kuhusu hakimiliki, kwa kuwa utashawishika. Squareheads bado ina mwenyewe; jifunze kwayo, usikate vipande vyake ukavibandika kwenye kazi yako. Ukitaka kitu cha kuonyesha darasani au kukata, Brideless Groom niliyoitaja, pamoja na Disorder in the Court ya 1936, ziko huru kwa umma nchini Marekani.

Filamu mbili kwa gharama ya moja

Unajua kasri lile lilitoka wapi? Columbia ilikuwa imejenga kuta, ngazi na kumbi kwa ajili ya filamu ndefu ya Robin Hood, The Bandit of Sherwood Forest, ya mwaka 1946. Bernds akaandika hadithi ya kutosha kuta hizo, akapiga picha Desemba ya mwaka huohuo. Na baraza la mfalme halikuishia hapo: Fiddlers Three, ambayo watatu hao wanapiga fidla kwa Mfalme Cole, ilitoka Mei 1948, miezi miwili tu baada ya Squareheads, na humo Vernon Dent ni mfalme tena. Mwaka 1954 studio ilichukua Squareheads, ikaongeza matukio machache mapya yaliyoongozwa na Jules White, na kuitoa upya kwa jina la Knutzy Knights. Fiddlers Three nayo ikageuzwa kuwa Musty Musketeers mwaka huohuo. Sisifii ulaghai wa kumuuzia mtazamaji picha zilezile, lakini kama mwalimu wa ubahili Columbia haina mfano.

Kwa hiyo andika kutokana na kilichopo. Tembelea kwanza kumbi unazoweza kupewa: ukumbi wa shule, nyumba ya zamani yenye mlango mzito, stoo ya mawe. Ngazi ikiwepo, mfalme ateremke ngazi. Dirisha la juu likiwepo, umeshapata wimbo wa usiku. Pasipo na dirisha, usiandike dirisha. Uliza pia kwaya na vikundi vya harusi. Wana mapazia, taji na viti vya kifahari vinavyokaa bure katikati ya wiki, na wengi watakuazima kwa soda na ahadi ya kuvirudisha safi.

Pangeni siku kwa vazi na kwa mahali, msifuate mfuatano wa hadithi. Matukio yote ya kiti cha enzi asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Gerezani mchana, kwa kuwa huko wanatakiwa kuchoka. Makofi yapigwe picha kabla ya chakula, na kuanguka kwa mwisho kuwe ndilo tendo la mwisho la siku, mtu akiteguka asiwe amezuia kazi nyingine. Kila kofi lipigiwe picha mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha watu wote watatu kuanzia kichwani hadi miguuni, na moja ya karibu ya uso wa mfalme akitazama. Ya mbali ndiyo itakayotumika zaidi. Simu zimetuzoesha nyuso zilizojaa kioo, na kichekesho cha mwili bila miguu ni nusu ya kichekesho.

Kisha, kabla hamjarudisha viti wala kukunja zulia, mtoe kila mtu nje na upige picha za ukumbi mtupu kutoka kila pembe mliyotumia, dakika moja moja, pamoja na kimya chake. Mwombe mfalme abaki kidogo baada ya wengine, umpige akitazama kushoto, akitazama kulia, akishangaa, akikasirika polepole, akisinzia. Wakati wa kuhariri utagundua kuna mahali kofi na anguko havishikani, na hakuna kiunganishi kilicho bora kuliko mzee mwenye taji anayemeza mate.